Mnyama Aliyekula Kanisa la Vuthole

Kila Jumamosi asubuhi, wakati maduka ya Butembo bado yamefumba macho, Mariette alipanda kilima cha Vuthole na ndoo kichwani, kwenda kumwogesha baba yake. Usishtuke. Baba yake alikuwa jiwe.

Nitaeleza, maana najua wako wageni humu. Kanisa la Vuthole ni la mawe matupu, la zamani za mapadri wazungu. Wakati linajengwa kulikuwa na sheria moja ngumu: hakuna kubatizwa mpaka ulete jiwe. Unashuka mtoni, unalichagua mwenyewe, unalichonga kwa mkono wako, unalipandisha mlimani kwa mgongo, mkanda umekubana paji la uso. Mwashi akishalipanga ukutani, ndipo padri anakumwagia maji. Kwa hiyo hadi leo kila jamaa ya Vuthole ina jiwe lake, na inalijua kama mtu anavyojua mpaka wa shamba lake. Watoto huonyeshwa kwa kidole: ile njo ya babu, hapana kuikojolea.

Jiwe la mzee Vagheni, baba yake Mariette, liko upande wa mvua, usawa wa kifua cha mtu. Mzee alikuwa mtu wa jembe. Hata magoti yalipoanza kulia kama bawaba, aliendelea kwenda kwenye shamba lake upande wa Beni, na alipoambiwa kwamba huko watu wanauawa, alijibu kwamba mihogo haina habari za vita. Siku moja akaenda, hakurudi. Waliookoka walisema watu wa kule walizikwa pamoja, haraka-haraka, bila msalaba na bila jina. Mariette hakupata kaburi la kupalilia. Na kwetu mtu asiye na kaburi la mzazi la kupalilia hujiona mtoto mtoro, hata kama ana wajukuu.

Ndipo akakumbuka jiwe.

Mwanzo alilipangusa vumbi tu, na kitambaa. Lakini unajua mvua yetu: inanyesha mchana, inapumzika kidogo, inarudi kama mtu aliyesahau kofia. Ikikoma mvua, ukungu unapanda kutoka bondeni. Ukuta wa upande ule ulikuwa mweusi kwa kuvu, majani yakiota kwenye maungio. Mariette akaona haya. Baba yake, mtu aliyekuwa akinawa miguu kabla ya kuingia nyumbani, akae na uchafu namna hii? Akaleta majivu na ndimu. Akaona haitoshi, akaleta chumvi ya mawe-mawe, ile ya ziwa la chumvi la Katwe, ambayo mama yake alimfundisha kusugulia masufuria. Mwishoni akanunua brosi ya chuma, burashi ya nyaya. Kuanzia hapo jiwe la mzee Vagheni likang'aa kuliko hata altare, na watu wakitoka misa walisimama kulitazama.

Miaka ikapita, na jiwe likaanza kurudi nyuma. Kwanza kidogo tu, kama mtu mwenye haya kwenye picha ya arusi. Kisha mashavu yakabonyea. Punje zikawa zinamwagika kila akisugua, naye akizizoa kwa upole na kumwambia Joyeuse, binti yake: "Unaona? Uchafu ya siku mingi iko inatoka." Ikafika pahali ambapo ungeweza kuweka kuku mle ndani akatamia bila kunyeshewa. Watu wote walilijua shimo lile, na wote walimjua Mariette na ndoo yake, na hakuna hata mmoja aliyeviweka pamoja. Nani amesikia usafi unaharibu kitu?

Jiwe lililopakana na lile lilikuwa la jamaa ya Kahongya, mama mshonaji wa soko kuu. Kahongya hakuwahi kuligusa. Lilikuwa na kuvu la kijani, madoa meupe ya ukoga, na jani moja refu lililoning'inia chini yake.

"Mama, jiwe yenu iko na ndevu," Mariette alimwambia siku moja.

"Acha tu," Kahongya akajibu. "Babu alikuwaka na ndevu."

Hawakugombana kwa hilo, maana walikuwa mbioni kuwa ndugu. Mtoto wa Kahongya alikuwa anamwoa Joyeuse. Mbuzi za mahari zilikwisha kufika zote, isipokuwa moja ya heshima kuu, mbuzi ya mama, ile anayopewa mama mzazi kwa taabu ya kumbeba binti. Kahongya alikuwa anainenepesha mwenyewe, kwa maganda ya ndizi, na akiisifu kwa wateja huku anashona. Hiyo ikishavuka kizingiti cha Mariette, arusi.

Basi ufa ukatokea. Ulianzia juu ya jiwe la mzee Vagheni ukapanda kuelekea dirishani, mwembamba lakini wenye nia. Abbé Luc, padri wetu kijana, akaogopa, akamwita Monsieur Zorobabel kutoka Beni, mtu aliyesomea majengo ya zamani Kinshasa. Alikuja na moto, yaani pikipiki, kofia ya chuma nyeupe kichwani, na hakuivua hata alipoingia kanisani kupiga goti. Kamati ya kanisa ilimfuata nyuma kama bata. Mbele alikuwa Président Maliro, mkurugenzi wa shule mstaafu, mtu anayependa sheria kuliko chakula.

Zorobabel akakagua ukuta. Akaugonga, akaunusa. Alipofika kwenye shimo la mzee Vagheni akapitisha kidole, kikatoka na unga mweupe. Hapo akafanya jambo ambalo Vuthole haijalisahau: akatoa ulimi, akalamba kanisa.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi?" kamati ikaitika.

"Chumvi. Inaingia mu jiwe pamoja na maji. Jua ikitoka, maji inaenda, chumvi inabakia ndani. Inavimba. Inasukuma punje ya jiwe, moja moja, mpaka inaanguka. Mvua peke yake ingehitaji miaka mia mingi kwa kufanya hii kazi. Chumvi hapana ngoja."

"Mais chumvi inatoka wapi, Monsieur?" akauliza Maliro.

Zorobabel akatazama milima, akatazama mbingu. "Bahari. Zamani za zamani, hapa kulikuwaka bahari."

Maliro akavua kofia kwa heshima ya bahari. Wengine wakageuka kutazama bonde, kana kwamba maji yalikuwa yameondoka asubuhi ile.

"Donc mbona ni hii moja tu?" Abbé Luc akauliza. Lilikuwa swali zuri, na laiti angelisimamia hapo.

"Juu ya hii," akasema Zorobabel, akionyesha mikwaruzo ndani ya shimo, mistari myembamba iliyopangana vizuri. "Hii ni ulimi. Mbuzi anapenda chumvi, na ulimi ya mbuzi ni kama brosi. Kuko mbuzi anakula hii kanisa yenu."

Kamati nzima ikashika kichwa. Kisha kila mtu akaenda kwenye jiwe la jamaa yake kuhakikisha kama nalo lina bahari. Ungewaona! Wazee wa heshima, mama za Legio ya Maria, katekista mwenyewe, wamejipanga ukutani wanalamba mababu zao. Mariette naye akainama kwenye shimo la baba yake, akagusa kwa ncha ya ulimi. Alikuta chumvi ya Katwe. Nyuma yake kulikuwa na majivu, na nyuma ya majivu, kwa mbali, ndimu.

Bahari haina ndimu. Mariette alijua hilo kama unavyolijua wewe. Lakini alifunga kinywa, akajiambia ni mate tu.

Kamati ya Ulinzi wa Ukuta iliundwa palepale, Maliro rais, na Mariette makamu, kwa kauli moja. "Kama hapana Mama Joyeuse na usafi yake," Maliro alisema, "ile mbuzi ingekuwa imemaliza." Jumapili, kwenye matangazo, akasoma sheria aliyoitunga mwenyewe kwa furaha kubwa: kinachokula kanisa, kitaliwa na kanisa. Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale ambao hawajaonja nyama tangu Pasaka.

Jumapili iliyofuata, katikati ya matoleo, ikasikika kengele ndogo nje. Wote wakatoka, hata waliobeba vikapu vya sadaka. Mbuzi dume wa kahawia, kamba iliyokatika ikiburuzika kutoka shingoni, alikuwa ameingiza kichwa chote kwenye shimo la mzee Vagheni, na alikuwa analamba kwa bidii ya mtu aliyelipwa. Alikuwa mbuzi wa Kahongya. Alikuwa, ukitaka kusema kweli yote, mbuzi ya mama.

Wakamfunga kwenye nguzo ya kengele. Kahongya akafika anahema, sindano na uzi bado vimechomekwa kifuani.

"Munafunga mbuzi ya dot, ya mahari!" akapiga kelele. "Ile ni mbuzi ya Mama Joyeuse!"

"Sheria hapana jua dot," akasema Maliro. "Tunamukula siku ya sikukuu ya parokia."

Kahongya akamgeukia Mariette. "Weye njo vice-présidente. Na mbuzi ni yako. Sema neno."

Mariette akatazama ardhi. Alikuwa na maneno, mengi kabisa, lakini kila moja lilikuwa na brosi mkononi. Akisema, watamkataza ukuta. Wakimkataza ukuta, nani atamwogesha baba?

"Bon," Kahongya akasema. "Mbuzi ingine sina. Na mwana wangu hataoa kwa batu banahukumu mbuzi yake." Akaondoka bila kuaga, naye ni mtu anayeaga hata wanaomdai.

Nyumbani Joyeuse hakulia kwa sauti. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akavipanga, akavishusha, akaviosha tena. Mariette alimtazama akisugua sufuria ile ile, mkono ukizunguka ule ule mzunguko, akatoka nje bila kujua kwa nini. Au alijua. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, wakamaanisha jirani au mkwe. Ni mara chache mtu akajikagua nguo akakuta ni yeye mwenyewe.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, alipanda kilima kama kawaida. Mbuzi alikuwa pale kwenye nguzo, amenona, anacheua, na dhamiri yake safi. Mariette akamwaga maji, akanyunyiza chumvi, akaweka brosi kwenye jiwe. Alisugua kidogo tu. Ganda moja, pana kama kiganja, likaachana na jiwe likamwangukia mguuni, na nyuma yake unga ukamiminika, mwingi, mkavu, ukaendelea kumiminika hata alipoondoa mkono. Akauzuia kwa viganja viwili kama mtu anayezuia damu. Ukapita katikati ya vidole.

Hakuna aliyekuwepo kumwona ila mbuzi. Mariette alikaa chini kwenye majani yenye maji. Wauaji walimchukua baba yake kwa siku moja. Kilichobaki alikuwa amekichukua yeye, kila Jumamosi, kwa upendo, akakizoa na kukitupa kwenye migomba.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, sufuria kubwa zilikwisha kupangwa mawe matatu-matatu na kisu kilikwisha kunolewa. Zorobabel alikuwa amealikwa. Mariette akasimama mbele ya watu wote, ndoo yake miguuni.

"Muache mbuzi," akasema. "Mwenye alikula kanisa ni miye."

Watu wakacheka. Maliro akamshika bega kwa huruma. "Mama, tunaelewa. Unataka kuokoa dot. Hapana jisingizia bure."

"Hapana, Président. Chumvi ni yangu. Mbuzi alikuja juu ya chumvi tu. Ile mistari ni brosi." Akafunua ndoo: mfuko wa chumvi, majivu, ndimu zilizokatwa, brosi ya chuma yenye meno yaliyojaa vumbi la kahawia.

Zorobabel akasogea. Akaonja chumvi ya mfuko. Akaenda ukutani akalamba, akarudi mfukoni, akarudi ukutani. Akaomba ndimu. Watu walimtazama msomi wa Kinshasa akitembea kati ya ndoo na kanisa, ulimi nje. Hatimaye alivua ile kofia nyeupe, kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Bahari," akasema polepole, "ilikuwa mu ndoo."

Hapo kamati ikapata shida ya kweli. Mbuzi alifunguliwa, sawa. Lakini sheria ilikwisha kusomwa madhabahuni: kinachokula kanisa, kitaliwa na kanisa. Katekista aliuliza kwa uso mkavu iwapo sheria hiyo inamhesabu Mama Joyeuse pia. Mmoja akasema sheria haikutaja mbuzi kwa jina. Mwingine akasema watu wamekwisha kuchota maji ya kupikia. Walijadiliana hadi moto ukazimika, Abbé Luc akiwa amejifunika uso na stola, mabega yanatikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka. Mwishoni Maliro akatangaza amendement, marekebisho ya sheria: mla kanisa atatengwa na kanisa. Wakachukua kamba ileile ya mbuzi, wakaivuta kutoka nguzo ya kengele mpaka dirisha la sakristia, na Mama Joyeuse akaambiwa akae upande wa pili. Alikubali. Alisema hata hiyo ni ndogo.

Kahongya alikuja na mbuzi wake, akasimama upande ule ule wa kamba. "Ungesema mapema," akamwambia, "nisingeshona nguo ya arusi na hasira. Mukono moja imekuwa fupi." Ndivyo tulivyojua kwamba arusi ipo.

Nami ningependa kukuambia kwamba Mariette alilala usingizi mzuri. Lakini Zorobabel alikuwa hajamaliza. Jiwe, alisema, lazima litoke. Ukuta wa juu yake umekalia hewa, na ufa unasubiri mvua kubwa tu. Maliro, mtu mwema, akajitolea bloc ya simenti, mpya kabisa, akaileta mwenyewe imefungwa kwenye gazeti. Zorobabel akaikataa: simenti inafungia maji ndani, na mawe ya jirani, yakikosa pa kupumulia, yataoza kwa zamu. Litafutwe jiwe lingine mtoni.

"Na ile ya baba?" Mariette akauliza kutoka ng'ambo ya kamba. "Mutaiweka wapi?"

"Mama," Maliro akasema, na sauti yake haikuwa ya sheria tena, "itatoka poda tu. Hakuna kitu ya kuweka."

Mariette akaishika kamba kwa mikono miwili. Alikuwa amejitayarisha kuadhibiwa yeye. Hakufikiri kwamba adhabu ingekuwa kumzika mzee Vagheni mara ya pili, na mara hii yeye mwenyewe akitazama.

Siku ya kulitoa tulikuja wengi, kama matanga. Mwashi aliegemeza miti chini ya ukuta wa juu, akakwangua udongo na chokaa ya zamani kuzunguka jiwe, kwa subira. Mama mmoja alianzisha rozari. Mariette alisimama kwenye kamba akiwa ametandaza kitenge chake chini, ili kipokee chochote kitakachoanguka. Mwashi akaingiza mtaimbo, akavuta. Jiwe likaja kidogo. Akavuta tena, likaja tena. Akatua, akajipangusa jasho, akavuta, na jiwe likaendelea kuja.

"Inaisha wapi hii?" akasema.

Lilikuwa refu kama mkono wa mtu, kutoka begani hadi vidoleni. Wazee wale hawakuleta vigae vya kubandika. Walileta mawe ya kuingia ukutani. Ile sehemu tuliyoiita jiwe la mzee Vagheni, ile iliyoogeshwa ikasifiwa ikalambwa, ilikuwa uso wake tu. Yote yaliyobaki yalikuwa ndani, gizani na pakavu, ambako mvua haikufika wala brosi haikufika. Walipolilaza kwenye kitenge cha Mariette, ncha ile ya nyuma ilikuwa na kona kali na rangi ya siku lilipotoka mtoni.

Watu waliligusa kwa zamu. Hakuna aliyejua la kufanya, hata Zorobabel. Kahongya ndiye aliyeinama, akalitazama huku na huku, jinsi anavyotazama shati la mteja.

"Mais hii mugeuze," akasema. "Kola ikichakaa mbele, si unaigeuza? Nyuma iko mupya."

Basi wakaligeuza. Shimo likaingia ndani, likajazwa chokaa na mchanga, na chokaa ikashika vizuri kwa sababu ya ule ukwaruzo. Uso mpya ukatazama mvua kwa mara ya kwanza. Maliro mwenyewe akafungua kamba, akasema amendement imekwisha, akamwambia Mama Joyeuse apite.

Mariette akakaribia, mikono mitupu. Kwa karibu aliona alama za patasi, fupi-fupi, zimepangana, na zote zimelalia upande usio wa kawaida, kama mwandiko wa mtu wa mkono wa kushoto. Mzee Vagheni alikuwa wa kushoto. Mapadri walimpiga vidole shuleni kwa ajili hiyo, akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia kama wengine, lakini patasi hakuna aliyemfundisha. Binti yake alikuwa amemtunza miaka yote ile na hakuwa ameuona mkono wake hata siku moja.

Aliweka paji la uso kwenye jiwe. "Wavukire, tata," akasema, salamu ya asubuhi, kama mtu aliyeingia jikoni akamkuta baba ameshaamka. Kisha wingu likafika juu ya kilima, mvua ikaanza, na sisi tukakimbilia ndani. Yeye alisogea pembeni tu, akaiacha mvua inyeshe.